Madaftari ya masonara wa Dodoma yasitupwe

Mhariri,

Duka la sonara lililorithiwa baba kwa mwana hapa Dodoma likifungwa, mizani huuzwa, kabati la vioo huuzwa, na madaftari huishia kufungia maandazi. Jambo hili linatuuma. Tunaziomba familia hizo zisubiri kidogo.

Historia ya duka imo humo. Madaftari mengi ya zamani yaliandikwa Kigujarati, tena kwa tola, ndiyo maana wajukuu huyaona makaratasi tu. Tola 1 ni gramu 11.66, nayo ina masha 12. Bangili iliyoandikwa tola 1 na masha 6 ilitoka dukani ikiwa na gramu 17.5. Ikipimwa leo ikawa 17, imelika kwa kuvaliwa. Ikiwa 14, kuna mtu kaikata. Atafutwe mzee anayesoma Kigujarati, asome kwa sauti, kijana aandike.

Daftari zuri hutaja pia lehemu, yaani madini ya kuungia vipande, na hapo ndipo ugomvi mwingi na wateja huanzia. Mkufu wa karati 22 (dhahabu safi ni karati 24) hauungwi kwa dhahabu ya karati 22, kwani lehemu lazima iyeyuke kabla ya mkufu wenyewe. Chukua mkufu wa gramu 20, ndani yake gramu 2 ni lehemu ya karati 14. Ukiyeyushwa wote, chunguni inabaki dhahabu ya karati 21 na kidogo. Mwenye mali hudhani kaibiwa, kumbe shaba na fedha ya kwenye maungo imechanganyika na mwili.

La hatari zaidi ni mhuri: kijiti cha chuma cha pua, urefu wa kidole, nchani kina alama ya duka au namba 916, yaani sehemu 916 za dhahabu katika 1000, ndiyo karati 22. Ukiuzwa kama chuma chakavu, tapeli ataugonga kwenye shaba ya njano iliyopakwa dhahabu, na aibu itaiangukia familia. Ugongeni mara moja kwenye kibati cha shaba, mkibandike ndani ya jalada la daftari, kisha muusugue uso wake kwa tupa mpaka alama ifutike. Chuma hicho ni kigumu, tupa huteleza. Uchomeni kwanza hadi uwe mwekundu, muuache kwenye majivu upoe taratibu usiku kucha. Asubuhi tupa itashika.

Masonara,
Dodoma