Wenye mikahawa Malindi, bandikeni bei mlangoni na mwache kutununua madereva

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nitoe jambo linalonikereketa kila mwisho wa juma. Mimi ni dereva wa tuktuk hapa Malindi na steji yetu iko Barabara ya Lamu. Ijumaa na Jumamosi, kuanzia baada ya Isha mpaka usiku wa manane, kazi yangu kubwa ni kuwapeleka watu kula na kuwarudisha makwao. Wengi huja kwa makundi: wafanyakazi wa maduka waliopata mshahara, watu waliosoma pamoja wakapoteana miaka mingi, kina dada wa chama waliomaliza mzunguko, jamaa waliokuja harusini kutoka Mombasa. Tuktuk hubeba watatu nyuma, kwa hivyo kundi la sita lahitaji mbili, nasi tunafuatana. Wakishakaa tu, swali huwa ni lile lile: "Boss, tupeleke mahali pamechangamka."

Ni swali zuri. Ubaya wake ni kwamba mara nyingi jibu limeshanunuliwa.

Iko hivi. Baadhi ya mikahawa mjini humlipa dereva anayewaletea wageni. Kuna wanaotoa kiasi fulani kwa kila kichwa, na kuna wanaomega asilimia ya bili wageni wakishaondoka, dereva akapita kesho yake mlango wa nyuma kuchukua chake. Tunaiita kamisheni, na si madereva peke yao wanaoila. Vijana wa ufuoni na mabawabu wa malango nao wana fungu lao. Mimi siichukui na wenzangu stejini wanalijua hilo, maana tumeshazozana sana juu yake. Abiria amenilipa nauli nimpeleke anakotaka. Nikimpeleka ninakotaka mimi, nimemuuza.

Na hiyo pesa haitoki mfukoni mwa mwenye mkahawa. Anaipandisha juu ya bei ya samaki. Kwa hivyo kundi linalipa nauli, linalipa chakula, kisha linamlipa dereva mara ya pili bila kujua, tena kwa kupelekwa mahali ambapo huenda hapakuwafaa kabisa. Nimewaona kina mama watu wazima wakishushwa mbele ya ukumbi ambao hata kujuliana hali huwezi kwa muziki. Nimeona vijana wenye shilingi zao za kuhesabu wakiingizwa mahali ambapo soda moja ni bei ya sahani ya pilau ya kwetu Maweni.

Mimi nikiulizwa, kwanza huwauliza: mnataka kuongea au mnataka kucheza? Watu hucheka, lakini hapo ndipo safari yote ilipo. Malindi tumezoea kuupima uchangamfu kwa ukubwa wa spika. Mkahawa ukiwa na wateja wachache, mwenyewe huongeza sauti akidhani anawaita watu. Wale wachache waliomo huacha kuongea, kila mmoja akainamia simu yake, wakala haraka wakaomba bili. Nawapakia saa tatu usiku watu waliotoka nyumbani wakiwa na nia ya kukaa mpaka saa sita. Mwenye mkahawa amepoteza chai, amepoteza matunda, amepoteza sahani ya pili ya mishkaki, na ameudhi jirani anayejaribu kulaza watoto. Kanuni za kelele za mwaka 2009, ambazo msimamizi wake ni NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, zipo. Sijui lini mara ya mwisho mtu alizisoma katika mtaa huu.

Mahali palipochangamka kwelikweli nina namna yangu ya kupatambua, na naitoa bure kwa wasomaji wako. Pita hapo mnamo saa tatu usiku, usiangalie idadi ya magari nje. Angalia meza ambazo sahani zimeshaondolewa na watu bado wamekaa. Kama meza hizo ni nyingi, shuka. Watu hawakai mahali baada ya kushiba ila pamewapendeza. Utasikia kicheko cha meza hii kikijibiwa na meza ile, utaona mtu ameinuka na kiti chake kwenda kumsalimu mjomba wake upande wa pili. Muziki upo, pengine muziki wa bango wa hapa Pwani unapigwa na watu watatu pembeni, lakini umeshuka kiasi cha mtu kumsimulia mwenzake habari ndefu bila kushika sikio. Jiko la makaa liko mahali linapoonekana, na harufu ya nyama inafanya kazi ambayo spika haiwezi.

Namna nyingine ni kukumbuka mkahawa huo ulikuwaje msimu wa mvua. Mei na Juni hoteli nyingi za ufuoni hufungwa, Waitaliano wamekwenda kwao, na mji unabaki na wenyewe. Mkahawa ambao wenyeji walikaa humo Juni, mvua ikinyesha, bila kamisheni ya mtu yeyote, huo una kitu. Ule unaojua wenyeji wakati wageni hawapo tu, kisha Desemba ukatugeuzia uso na kutuambia meza zote zimewekwa, mimi siupeleki mtu.

Hapa niseme jambo kuhusu Waitaliano, maana wako watu huandika kana kwamba chakula chao ni cha kigeni mjini humu. Walianza kujaa hapa tangu enzi za San Marco, mradi wa Italia wa kurusha setilaiti kule Ngomeni, uliorusha setilaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970. Zaidi ya nusu karne imepita. Kuna wapishi Wagiriama wanaosukuma unga wa pizza kwa ustadi kuliko wageni wenyewe, na pizza iliyookwa kwa kuni ni chakula kizuri sana kwa kundi, kwa kuwa kila mtu hunyoosha mkono kwenye sahani moja. Sina ugomvi nayo hata kidogo. Ugomvi wangu ni menyu isiyo na bei, au yenye bei za watu wawili tofauti.

Upepo nao ni wa kuzingatia. Kaskazi ikivuma, Desemba mpaka Machi, mkahawa wa ufuoni ni raha tupu usiku. Bahari imetulia na mnaweza kukaa nje mpaka mchoke. Kusi likishika, meza hiyo hiyo itawapeperushia vitambaa, mchanga utaingia kwenye mchuzi na mshumaa hautawaka. Miezi hiyo mimi huwapeleka watu ndani ya mji, kwenye ua uliozungushwa kuta. Samaki nao hubadilika na upepo. Kusi likiwa kali mashua nyingi hazitoki, samaki huwa ghali, na anayekupa nguru "wa leo" siku ambayo hakuna aliyeingia baharini anakupa wa barafuni. Muulize mhudumu samaki ameletwa lini. Akisitasita, agiza kuku.

Na kama kundi lenu lataka samaki wa kupaka, pigeni simu mchana. Samaki yule huchomwa kwanza kwa makaa, kisha hupakwa tui lililokolezwa ndimu na pilipili, akarudishwa motoni, akapakwa tena. Akifika mezani dakika kumi baada ya kuagizwa, si kwa ajili yenu aliyepikwa. Mkahawa unaopokea simu ya mchana kwa adabu, ukauliza ni watu wangapi na ukaunganisha meza kabla hamjafika, nusu ya usiku wenu umeshakuwa mzuri.

Sisemi haya kama dereva tu. Nina marafiki zangu tuliokua pamoja, nasi hutoka. Mmoja ni fundi wa mashua, mmoja mwalimu wa msingi, dada mmoja ni muuguzi, na wawili ni watu wa msikitini ambao hawakai mahali panapomiminwa bia. Mwingine hutumia kiti cha magurudumu. Sisi kanuni yetu ni kwamba mwenye mfuko mdogo kuliko wote mwezi huo ndiye anayeweka kiwango, naye hamwambii mtu ila yule anayepanga. Hakuna anayeaibika, na hakuna anayekunywa maji tu akisingizia tumbo. Lakini ili kupanga hivyo lazima ujue bei kabla hujatoka nyumbani, na Malindi hilo ni jambo gumu ajabu.

Usiku mmoja tulifika kwenye mkahawa uliosifiwa sana, tukakuta ngazi za mawe mlangoni na hakuna njia nyingine. Wahudumu wakambeba rafiki yetu na kiti chake mbele ya watu wote, mmoja akisema kwa sauti, "Pisheni, pisheni." Alikula kidogo sana. Baada ya hapo tukimwalika alikuwa akitoa udhuru, na ilituchukua muda mrefu kumrudisha kati yetu. Mteremko wa saruji wa kupandishia kiti ni mifuko michache ya simenti na fundi wa siku moja. Kwa mkahawa unaoweza kumlipa kila dereva anayeleta watu, simenti si tatizo.

Halafu bili. Kundi la sita limesoma menyu, likajumlisha, likapata Sh6,000, elfu moja kila mtu. Bili inakuja na VAT asilimia 16, ushuru wa utalii asilimia 2 na huduma asilimia 10, vyote vimewekwa juu mwishoni kwa maandishi madogo. Elfu sita imekuwa Sh7,680, na kila mmoja sasa anadaiwa Sh1,280. Huyu ana elfu moja na mia ya tuktuk. Nimewarudisha watu kwa mkopo kwa sababu ya hizo mia mbili themanini, na nimewasikia wakigombana nyuma yangu njia nzima, marafiki waliotoka wakicheka. Kodi ni haki ya serikali, sikatai. Iandikwe ndani ya bei, mtu aione kabla hajaagiza. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji kuhusu anachonunua, na sahani ya wali na pweza wa nazi ni ununuzi kama mwingine wowote.

Kwa hivyo ombi langu kwa wenye mikahawa wa Malindi ni hili. Wekeni ubao nje ya mlango, wenye bei kamili, kodi na huduma zikiwa zimo, kwa Kiswahili pamoja na hizo lugha nyingine. Pesa mnazotupa sisi madereva zipunguzeni kwenye bei ya chakula, au mjengee mteremko, au muweke taa zinazowaka nje mpaka mgeni wa mwisho apande chombo. Hilo la taa nalisema kwa ajili ya kina dada hasa. Mara nyingi nimefika kuchukua kundi nikalikuta limesimama gizani, mkahawa umeshazima kila kitu, bawabu amelala.

Kwa serikali ya Kaunti ya Kilifi: leseni za biashara mnazitoa ninyi kila mwaka, na maafisa wa afya huingia jikoni kukagua. Wakija, watazame na mlangoni kama bei zimebandikwa. Haihitaji bajeti mpya.

Kwa madereva wenzangu sina la kuwaficha, tumeshaambiana uso kwa uso. Mafuta yamepanda na siku nyingine mtu analipa hesabu ya siku ya mwenye chombo bila kubaki na kitu. Najua kamisheni inatoka wapi. Lakini abiria anayepelekwa mahali pabaya hakuchukii wewe peke yako, anachukia tuktuk zote za Malindi, na kesho anatafuta gari la rafiki yake.

Na kwa wewe abiria: ukipanda kwangu au kwa mwingine, muulize dereva waziwazi kama analipwa na huko anakokupeleka. Una haki ya kuuliza kabla chombo hakijawashwa. Julai na Agosti wageni wanaanza kurudi, na ningependa mbao hizo za bei ziwe zimeshasimama milangoni kabla ya hapo.

Dereva wa tuktuk,
Maweni, Malindi