Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Wahadhiri

Ndugu wanachama,

Vikao vya kamati vilifanyika kama kawaida, semina mbili za wahadhiri wapya ziliendeshwa, na wenzetu wawili waliostaafu tuliwaaga kwa heshima. Hayo mnayajua, sitayarudia.

Nizungumzie jaribio la mwezi wa nne, maana maneno yamekuwa mengi.

Kamati, kwa pendekezo langu, ilitumia fungu la tafrija ya mwaka kuwapa wanafunzi wa mwaka wa kwanza na wa tatu jaribio moja, lisilo na alama. Walipewa barua tatu, jedwali la takwimu na taarifa fupi, zote zikipingana, na saa moja na nusu ya kuandika uamuzi upi ufuatwe na kwa nini. Maswali niliyatunga mwenyewe kwa wiki tatu, usiku baada ya kusahihisha, na kila kipindi nilisimamia mimi.

Wazo hili halikuanza kwangu. Mwaka 2011 Richard Arum na Josipa Roksa walichapisha uchunguzi wa wanafunzi zaidi ya 2,300 katika vyuo 24 vya Marekani. Baada ya miaka miwili ya mwanzo, asilimia 45 hawakuonyesha ongezeko la maana katika kuchambua hoja na kuandika. Baada ya miaka minne, bado asilimia 36. Niliposoma hayo nilijiuliza: na wetu je? Tunatoa shahada ya kwanza kila mwaka, lakini hatujawahi kupima kijana ameondoka na nini ambacho hakuja nacho.

Baadhi yenu mmesema jaribio lisilo na alama halipimi kitu, kwa kuwa mwanafunzi hana sababu ya kujituma. Hoja hiyo ina uzito, na hata uchunguzi ule ulikosolewa hivyo. Lakini mimi nilikuwa ukumbini. Binti mmoja wa mwaka wa tatu aliandika kanuni ya wastani bila kosa, akakokotoa hadi desimali ya pili, akapiga mstari chini ya jibu. Kisha akaulizwa: wastani huu unafaa, ikiwa mtu mmoja kwenye jedwali anapata mara ishirini ya wenzake? Hapo hakuandika neno. Alikaa hadi dakika ya mwisho, kalamu mkononi, macho kwenye karatasi. Huyo alijituma. Somo la takwimu alipata A, na aliyemfundisha ni mimi.

Wengine mmesema tumewaaibisha wahadhiri. Hakuna jina la mhadhiri lililoandikwa popote, nalisema tena. Mwenzetu mmoja alinikumbusha kwamba wanafunzi humsifu kila muhula kwenye fomu za tathmini. Naamini. Ila mwaka 2019 ulitoka utafiti wa madarasa ya fizikia ya Harvard: waliosikiliza mhadhara mzuri walihisi wamejifunza zaidi, kumbe waliohangaika na maswali darasani ndio waliofanya vizuri kwenye mtihani. Sifa za wanafunzi si kipimo cha walichojifunza. Na sisi tunaorudia maswali yale yale hadi madesa yanarithishwa toka darasa hadi darasa, tunapima kukariri tu.

Kwamba sikupeleka jambo hili mkutano mkuu, si kweli. Niliuitisha mara mbili. Kati ya wanachama 87 walifika 19, kisha 14, na akidi ni 44. Ada: 31 wamelipa yote, 22 nusu, 34 hawajatoa chochote, na kati yao 9 huu ni mwaka wa tatu. Inaniuma kwamba baadhi ya wanaodai tafrija wamo katika hao 34. Kamati ingesubiri hadi lini?

Majibu yamesahihishwa, kila karatasi na watu wawili. Mwaka wa tatu wanaandika kwa ufasaha zaidi. Katika kupima ushahidi, wamewazidi wa mwaka wa kwanza kwa kiasi kidogo kuliko nilivyotarajia, na jambo hilo limeninyima usingizi.

Fedha zikipatikana, tunatumaini kuwafuatilia hawa wa mwaka wa kwanza watakapofika wa tatu, maana kulinganisha makundi mawili tofauti kuna kasoro zake. Tutaangalia pia namna ya kuongeza kazi za kuandika. Karatasi zote, bila majina, ziko kwa katibu hadi mwisho wa mwezi. Naomba kila mmoja aje asome walau kumi kabla ya mkutano ujao.

Mwenyekiti