Barua ya wazi kwa Waziri wa Mazingira wa Kaunti ya Mombasa: vumbi letu lina nini?

Mheshimiwa,

Baada ya salamu. Nakuandikia kutoka Mikindani. Leo nimepangusa dirisha mara mbili, na vumbi la asubuhi sikulitupa. Nililimwaga juu ya karatasi nyeupe, nikachukua sumaku ya spika iliyokufa, nikaipitisha chini ya karatasi. Chembe nyeusi zilisimama kama malaika ya mkono wakati wa baridi, zikaifuata sumaku kila ilikokwenda. Ni chuma, basi. Lakini chuma cha breki za matrela yanayoshuka bandarini, au cha tanuri? Sumaku haisemi.

Unga mweupe uliobaki nikautonea siki. Ukatoa povu, nikajiona nimeishika saruji mkononi. Furaha haikudumu: matumbawe nayo hutoa povu, na mji wetu umekaa juu ya matumbawe.

Utaalamu wangu wa jikoni umeishia hapo. Tena nilichokiogopa zaidi hakionekani kwa sumaku wala kwa siki. Risasi, ile metali yenye sumu, haivutwi na sumaku. Owino Uhuru, pua na mdomo na kwetu, watu walidhurika kwa risasi ya kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu. Mwaka 2020 mahakama iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3, kesi ikapanda ngazi, hukumu ikatenguliwa katika rufaa, na 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Damu ya watoto ndiyo iliyofichua sumu ile. Watoto ndio waliokuwa kipimo, Mheshimiwa.

Sisi tukiuliza habari za hewa, jibu huwa ni uzito: mikrogramu kadhaa katika mita moja ya ujazo. Sidharau uzito. Shirika la Afya Duniani, mwaka 2021, lilishusha kiwango cha wastani wa mwaka cha vumbi laini hadi mikrogramu 5. Ila mikrogramu 5 za chumvi ya bahari, ambayo hapa kwetu haikosi hewani, si ndugu wa mikrogramu 5 za risasi. Mizani haitofautishi hizo mbili.

Ninachoomba ni vichujio vya kunasa hewa Mikindani, Changamwe na Jomvu, kisha vipelekwe maabara vipigwe eksirei ya kutambua elementi moja moja. Vanadiamu na nikeli zikiandamana, tutajua pa kuanzia ni mafuta mazito ya meli. Risasi ikizidi, tutatafuta ni nani anayeyeyusha betri. Na vipimwe wakati wa kusi na wakati wa kaskazi, maana pepo hizo mbili hazituletei moshi wa jirani mmoja. Majibu yabandikwe kwa chifu, kwa Kiswahili. Kifungu cha 35 cha Katiba kinatupa haki ya kuyaona, kama cha 42 kinavyotupa hewa safi.

Lile vumbi nimelihifadhi katika mkebe wa maziwa, nimeuandika tarehe. Afisa wako akipita, abishe tu.

Wako,
Mkazi wa Mikindani