Malalamiko kwa kampuni ya makaa ya mawe: visima vya bondeni havijakaushwa na ukame

Jumuiya ya Watumia Maji,
Wilaya ya Mbinga,
Ruvuma.

Meneja wa Mgodi,
Kampuni ya Uchimbaji wa Makaa ya Mawe.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU MAJI YA VISIMA VYA BONDENI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kwenye mkutano wa kijiji ofisa wenu wa mahusiano alituambia kuwa visima vimekauka kwa sababu ya ukame. Jibu hilo hatulikubali.

Visima vyetu havikuchimbwa kwenye mwamba. Vimo kwenye mchanga na changarawe ambazo mto umezilaza bondeni miaka na miaka, juu ya miamba ya kale iitwayo Karoo, yenye makaa mnayochimba. Mchanga huo hunywa maji wakati wa mvua, kisha huyaachia mtoni kidogo kidogo kiangazi chote. Ndiyo maana mto wetu, Ruhuhu, unatiririka hata Oktoba, ingawa mvua huku kwetu hukatika mwezi wa tano. Sasa shimo lenu limeshuka chini kuliko maji hayo. Ili mitambo ifanye kazi pakavu mnavuta maji kwa pampu usiku na mchana, na ya mchangani yanafuata huko huko shimoni.

Ingekuwa ni ukame, visima vyote vingekauka. Vya juu ya mto, mbali na mgodi, bado vina maji. Vilivyopakana na uzio wenu ndivyo vilivyotangulia kukauka. Mvua yetu ni ile ile moja. Tena kiangazi kilichopita, pampu zenu ziliposimama kwa matengenezo, maji yalipanda kwenye kisima cha shule bila hata tone la mvua. Mlipoziwasha yakashuka tena. Tunaomba mtueleze ni ukame gani huo unaosikiliza pampu.

Na hayo machache yaliyobaki hayanyweki. Kwenye visima vilivyo upande wa chini wa kifusi chenu cha mawe ya mgodini maji yanatoka yakiwa maangavu, lakini yakikaa ndooni hadi jioni yanakuwa na rangi ya kutu na utando juu. Ukichemshia chai ya rangi inakuwa nyeusi kama wino. Mashati meupe ya wanafunzi yana madoa ambayo sabuni haiyatoi. Hicho ni chuma, na chanzo chake mnakijua kuliko sisi: mawe yanayotoka pamoja na makaa huwa na pairaiti, yaani madini ya chuma na salfa, ambayo ikikutana na hewa na maji huzaa asidi ya salfuriki, na asidi hiyo huyeyusha chuma na madini mengine. Chuma tunakiona kwa macho. Mengine, kama manganizi, yanahitaji maabara, na watoto wanakunywa maji hayo kila siku.

Kifusi chenyewe mmekimwaga karibu kabisa na ukingo wa mto, wakati Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za namna hiyo ndani ya mita 60. Mgodi unatoa ajira kwa vijana wetu, na hatujasema ufungwe. Lakini kibarua naye anarudi nyumbani akitaka maji ya kunywa.

Tunataka mtupe takwimu za visima vyenu vya uchunguzi, za kina cha maji na za ubora wake, tangu kabla hamjaanza kuchimba. Bila hizo mtaendelea kusema ukame, nasi tutaendelea kubisha. Maji yapimwe na maabara ya Wizara ya Maji mbele ya wawakilishi wetu, kifusi kihamishwe kabla ya mvua za Novemba, na hadi hapo mtuletee maji safi kwa gari. Pia mtuonyeshe kibali chenu cha kutoa maji ardhini na cha kuyatiririsha mtoni, kama inavyotakiwa na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009.

Tunasubiri majibu kwa maandishi ndani ya siku 14. Baada ya hapo tutaiomba Bodi ya Maji ifike kupima yenyewe.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Katibu,
Jumuiya ya Watumia Maji.

Nakala: Mwenyekiti wa Kijiji, Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Nyasa, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC).