Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kujifunza Wenyewe Kuwahudumia Wagonjwa Wenye Betri ya Moyo

Ndugu wanachama wenzangu,

Mkutano uliopita mliniagiza jambo moja: tusisubiri tena semina ndipo muuguzi ajue kumhudumia mgonjwa mwenye betri ya moyo, yaani kifaa kinachopeleka umeme kwenye moyo ili upige inavyotakiwa. Semina humchukua mmoja. Akihamishwa, anaondoka na alichojifunza. Wagonjwa nao hawasubiri. Wanawekewa betri Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, kisha wanarudi kwao mikoani, na kidonda kikianza kutoa usaha wanakuja kwetu.

Kila mwanachama aliandika daftarini swali linalomshinda yeye, akatafuta jibu kwa muda wake, halafu akamwonyesha mwenzake kando ya kitanda cha mgonjwa. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo iliyotusaidia kuliko zote. Wapo waliosoma sana, lakini walipoambiwa "haya, nionyeshe" wakakwama, wakarudi kusoma upya.

Nitaje usiku mmoja. Mwenzetu alipokea zamu akamkuta mzee mwenye betri ya muda, ile ambayo waya hupitishwa kwenye mshipa na boksi likabaki nje. Monita, mashine inayoonyesha mapigo ya moyo, ilisoma 70 kwa dakika. Mzee alikuwa akitokwa jasho, maneno hayamaliziki mdomoni. Dada yule akamshika kifundo cha mkono, akahesabu dakika nzima: 34. Monita ilikuwa ikihesabu umeme wa betri kana kwamba ni mapigo. Kwenye karatasi ya ECG, yaani mchoro wa umeme wa moyo, mistari myembamba ya wima inayoonyesha umeme wa betri ilikuwepo yote, ila mingi haikufuatiwa na wimbi la QRS, alama ya vyumba vya chini vya moyo kuitikia. Betri ilituma umeme, moyo haukuitikia. Akamwita daktari huku akikagua maungio ya waya, na nguvu ya umeme ikaongezwa palepale. Swali lililokuwa daftarini mwake ni hilohilo: "Nitajuaje kama betri inapiga bure?"

Mimi, miaka ya nyuma, katika hospitali niliyokuwa nikifanya kazi, niliandika 70 kwenye chati ya mgonjwa wa namna hiyo bila kumgusa. Sijasahau. Ndiyo maana kila nikiwatembelea nasisitiza mapigo yahesabiwe kwa mkono.

Elimu ya kwenda nyumbani imekwenda vizuri. Kumwambia mama "usiinue mkono juu ya bega kwa wiki 4 hadi 6" hakutoshi. Tumtajie kujitwika ndoo, kuanika nguo na kusuka nywele. Mkono wenyewe usifungwe muda wote, bega litakakamaa. Simu ikae sentimita 15 au zaidi kutoka kwenye betri. Kadi ya betri atembee nayo, asiifungie sandukuni.

Herufi VVI na DDD, zinazotaja namna betri ilivyopangwa kufanya kazi, bado zinatusumbua. Ya kwanza hutaja chumba cha moyo kinachopewa umeme, ya pili kinachosikilizwa, ya tatu namna betri inavyojibu. Ikiwa hiyo ya tatu ni I, betri hunyamaza inaposikia moyo umepiga wenyewe. Maelezo mengi yako kwa Kiingereza, na tumeanza kuyaandika upya kwa Kiswahili cha wodini.

Mapato na matumizi atayasoma mhazini. Ombi langu ni moja: mkutano upitishe barua kwa waganga wafawidhi, tuombe saa moja kwa wiki ndani ya zamu kwa ajili ya kujifunza. Wenzetu wamekuwa wakifanya kazi hii asubuhi, wametoka zamu ya usiku, na nyumbani watoto wanawasubiri.