Mabango ya Gaborone

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako imenifikia salama. Umeniuliza picha inamfaa nini mtu anayepigwa risasi na serikali kwa sababu ya rangi yake. Swali lako limenikaa rohoni, na jibu nililo nalo ni habari za Thami Mnyele, mchoraji wa Afrika Kusini.

Alizaliwa Alexandra, Johannesburg, mwaka 1948, mwaka uleule Makaburu walioshika bendera ya ubaguzi walipoingia madarakani. Baadaye alikimbilia Botswana, akawa nguzo ya Medu, kikundi cha wasanii waliokuwa uhamishoni Gaborone. Walichapa mabango kwa mkono: kitambaa chembamba kinawambwa kwenye fremu, wino unasukumwa upenye, rangi moja kwanza, ikikauka ndipo ije nyingine. Kisha yakavushwa mpaka kwa siri. Huko Afrika Kusini yakibandikwa, polisi wanabandua. Bango la namna hiyo lazima liseme lake mtu akiwa anapita tu. Ndiyo maana nalipenda sana lile la mwaka 1981 la Judy Seidman, msanii mwenzake wa Medu, la mwanamke aliyekata minyororo, linalowakumbuka wanawake wapatao 20,000 walioandamana Pretoria tarehe 9 Agosti 1956 kupinga pasi, yaani vitambulisho ambavyo serikali iliwalazimisha Waafrika kubeba. Hata asiyejua kusoma analielewa.

Usiku wa kuamkia 14 Juni 1985, makomandoo wa Afrika Kusini walivamia Gaborone, wakaua watu 12, akiwemo mtoto wa miaka sita. Mnyele aliuawa usiku huo. Medu haikuinuka tena. Kila nikifika hapa naumia upya.

Utasema Mnyele alikuwa pia mpiganaji wa ANC, chama kilichopigania ukombozi wa Afrika Kusini. Ni kweli, wala yeye hakutenganisha brashi na mapambano. Bango halikumkinga na risasi, na sidai kwamba lingeweza. Lakini dola ile iliua, kisha ikayaita mauaji yake ulinzi wa taifa. Bango liliukanusha uongo huo hadharani, na aliyeliona ukutani alijua kuna wenzake.

Mwaka 2019 mabango ya Medu yalionyeshwa Art Institute, Chicago. Nafurahi yametunzwa, ila ningefurahi zaidi yakiendelea kuchapwa. Wewe unafundisha vijana kuchora. Wape fremu, kitambaa na wino, waonyeshe kazi za Medu, halafu waache wachape yanayowachoma wao. Yakikauka, nitumie moja.

Ni mimi rafiki yako