Vile vinundu vya kwenye mizizi sio ugonjwa jamani

Mhariri, naomba kanafasi. Kuna watu bado wanang'oa maharage wakiona vinundu kwenye mizizi eti ni minyoo, wakati minyoo inavimbisha mzizi wenyewe, kinundu unakibandua tu kwa kidole. Kipasue kwa ukucha, kikiwa na rangi ya waridi ndani basi bakteria wa rizobia wako kazini wanamlishia mmea naitrojeni ya hewani, kikiwa cheupe au kijani hamna kitu. Rangi hiyo ni leghemoglobini, ndugu kabisa wa ile ya damu yetu, inaishika oksijeni isije ikaharibu kimeng'enya cha naitrojenasi, kile kinachogeuza naitrojeni ya hewani iwe chakula cha mmea.

Ila mimi kinachonimaliza ni zile jeni. Mzizi unatoa flavonoidi, yaani kemikali za kumwita bakteria, bakteria akizinasa protini yake ya NodD inawasha jeni za nod, zile za kuanzisha vinundu, naye anajibu kwa kemikali yake, kinyweleo cha mzizi kinajikunja kinamkumbatia kabisa, anaingia. Jeni za nif, zile za kutengeneza naitrojenasi, hizo haziwaki mpaka oksijeni ipungue. Sasa mtu anamwaga yuria kibao, mmea unaona naitrojeni ipo tele unafunga mlango, halafu analalamika havioni vinundu, si umevizuia mwenyewe?